Taya la Lomkatsa

Zedakari, 9 Machi 1964

Kwa Mkuu wa Makumbusho,

Mimi ni Makvala Gobejishvili, mjane, mkulima wa zabibu. Sina mazoea ya kuandikia wakubwa. Lakini jana mama wa posta alinifungia jibini kwa gazeti, na nilipolikunjua nikamwona mtu ninayemfahamu.

Mmemchora kichwa peke yake, hana taya. Chini yake mmeandika kwamba huyu si mtu kama sisi, ni kiumbe wa aina nyingine aliyeishi katika pango letu miaka elfu na elfu iliyopita. Nyusi zimetokeza kama ukingo wa paa. Juu ya jicho la kulia pana kibonyeo kidogo, kama mtu kabonyeza unga kwa kidole gumba.

Huyo ni Lomkatsa, mwendesha nyumbu wa hapa Zedakari. Alifariki mwaka 1915, nami nilikuwa na miaka tisa. Alikuwa mtu wa kijiji tu, sina zaidi la kusema juu yake.

Wakati wa kuvuna zabibu walikuja watu wenu wenye mabuti, wakasema wanatafuta mawe ya kale. Tuliwapa maharage na mkate wa mahindi, tukawamiminia na mvinyo. Waliondoka bila kuaga, masanduku yao yamefunikwa turubai. Mgeni aliyekuja kwa wema haondoki hivyo.

Nataka arudishwe.

Makvala Gobejishvili


Makumbusho, 24 Machi 1964

Ndugu Makvala Gobejishvili,

Barua yako imepokelewa na kusajiliwa. Profesa Varlam Chkhotua ameniagiza nikujibu.

Mabaki unayoyataja yalipatikana ndani ya pango, yamelala pamoja na mifupa ya dubu wa kale ambao hawapo tena duniani. Unene wa fuvu na ukubwa wa nyusi haulingani na binadamu wa leo. Kwa hiyo hayawezi kuwa ya mtu wa mwaka 1915.

Tafadhali tujulishe: ni nani mwingine umemweleza habari hizi, na ni nani aliyekusaidia kuandika barua?

Kwa heshima,
Lamara Kordzaia, mtafiti msaidizi


Zedakari, 7 Aprili 1964

Ndugu Lamara,

Aliyenisaidia kuandika ni mkono wangu wa kulia. Kuhusu swali lako la mwisho, nalijua. Mwaka wa thelathini na saba walikuja watu wakamuuliza mume wangu vivyo hivyo: umemwambia nani, nani amekusaidia. Nao walikuwa wapole, kisha wakamchukua.

Tena barua yako haijamaliza siku tatu ndani ya nyumba, akaja Shakro, mwenyekiti wa shamba letu la ushirika. Hajawahi kukanyaga kizingiti changu tangu msiba wa mume wangu. Akakaa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Makvala, mama, eti umeandika mjini?"

"Nimeandika."

"Kuhusu nani?"

"Kuhusu maiti. Walio hai unawaandikia wewe."

Akawa mwekundu. Akasema barabara yetu itatiwa lami kwa sababu ya pango, watajenga na nyumba ya wageni, nisije nikaharibu. Alijuaje? Sijamwambia mtu. Kwa hiyo ama amepata habari kwenu, ama kuku wangu wamejifunza kusema.

Sasa niulize mimi. Kwa nini mmemchora bila taya? Taya la Lomkatsa halisahauliki. Kidevu chake kilitangulia kuingia mlangoni, mwenyewe akafuata. Nyumbu alimpiga teke, likavunjika upande wa kushoto, na kinyozi mmoja wa Kutaisi akalifunga kwa waya wa shaba kuzunguka meno. Ule waya haukutolewa mpaka anakufa. Tazameni, kama hamuogopi kutazama.

Makvala


20 Aprili 1964

Shangazi Makvala,

Niruhusu nikuite hivyo. Hii siiandiki kwa karatasi ya Makumbusho, na ukijibu tumia anwani ya mama yangu iliyo nyuma ya bahasha. Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena. Gundi ilikuwa haijakauka vizuri.

Taya lipo, lina namba kumi na nne. Nililichimbua mwenyewe, hatua mbili kutoka fuvu lilipokuwa. Lilikaa sanduku moja na fuvu mpaka Januari, Profesa aliponiambia nilihamishie kwenye droo ya vitu vilivyochanganyika. Alisema halihusiani kwa sababu lina kidevu, na watu wa kale wa aina ile hawakuwa na kidevu. Nilitii. Ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua, ndiye atakayetia sahihi shahada yangu.

Jana wenzangu walipokwenda kula nikalitoa na kulipeleka dirishani. Upande wa kushoto limevunjika na kuunga kwa kupinda. Waya hakuna. Lakini kwenye shingo za meno kuna ukijani ulioingia mpaka ndani ya mfupa, na ukijani wa namna hiyo huachwa na shaba. Kando yake kuna mikwaruzo myeupe, mipya. Mtu ameung'oa waya kwa koleo.

Nilikaa chini sakafuni kama mtoto.

Na sasa lazima nikuulize, usinichukie. Mtoto wa miaka tisa anajuaje meno ya mwendesha nyumbu wa watu? Profesa ana maadui wengi, na wapo ambao wangefurahi kumtumia mama wa kijijini kumwangusha, nami nianguke naye. Kama umetumwa, niambie sasa nichome barua hizi. Kama hukutumwa, na mtu huyu hakuwa wako, unamtakia nini?

Lamara


Zedakari, 6 Mei 1964

Lamara,

Umeniita mwongo kwa adabu. Una haki.

Lomkatsa ni babu yangu, amemzaa baba yangu. Meno yake nayajua kwa sababu nilikaa mapajani pake nikiyahesabu, na nikiufikia waya aliniuma kidole kwa utani.

Bibi yangu Sidonia alisimulia kwamba siku ya harusi yao hakukuwa na kijana mzuri kuliko yeye bonde zima. Mrefu alikuwa tangu zamani. Alipofika miaka thelathini na kitu akaanza kukua upya: kofia ikagoma, pete ikakatwa kwa tupa, viatu vikashonwa vingine, tena vingine. Nyusi zikavimba, sauti ikashuka kama inatoka ndani ya mtungi. Watoto wakamwita zimwi. Wakubwa walisubiri apite kwanza, halafu nao wakamwita hivyo.

Alipokufa, kasisi alikataa kumzika ndani ya ua wa kanisa. Alisema, "Huyu hana sura ya Adamu." Bibi na wanawe wawili wakamchimbia wenyewe nje ya ua, ukingoni juu ya pango. Masika ya mwaka juzi ukingo uliporomoka. Ndivyo alivyokwenda kulala na hao dubu wenu.

Sasa sikia na langu. Nilipochumbiwa, mama mkwe aliniuliza kama yule zimwi wa Zedakari alikuwa wa ukoo wetu. Nikasema, "Hapana, mama, alikuwa mfanyakazi tu, akiendesha nyumbu wetu." Mume wangu amekufa akiamini hivyo. Jumapili ya Pasaka, kama desturi yetu kwa wafu, nimeviringisha yai jekundu juu ya kaburi la kila mtu wangu, nikafika kwenye ukingo uliobomoka, nikabaki nalo mkononi. Hilo ndilo ninalomtakia.

Lakini niambie wewe uliyesoma. Lomkatsa na Sidonia walizaa watoto saba, na wanne kati ya hao walizaliwa baada ya yeye kubadilika. Hao nao wamezaa, na wajukuu wamezaa. Shakro mwenyewe ni kitukuu chake upande wa mama, ingawa ukimtajia anageuka kutazama ng'ombe. Kama Lomkatsa ni aina nyingine ya kiumbe, basi shamba letu la ushirika linaongozwa na aina nyingine ya kiumbe. Baadhi yetu tumelishuku hilo siku nyingi.

Haya sijamwambia mtu mwingine duniani.

Makvala


19 Mei 1964

Shangazi,

Nilicheka mpaka mama akaja kuchungulia. Kisha nikasoma tena ule mstari wa mama mkwe, nikaikunja barua.

Babu yako alikuwa mgonjwa. Upo ugonjwa unaofanya mifupa ya uso, ya mikono na ya miguu iendelee kukua mtu akiwa mzima. Haumgeuzi kuwa kiumbe kingine, kama vile kibiongo hakimgeuzi mtu kuwa ngamia.

Baada ya barua yako nilitoa mafuvu ya rafu tatu nikayapanga mezani: mchungaji wa milimani Svaneti, mwanamke wa nyika za Asia, baharia mweusi aliyefia bandarini Batumi, mzee mmoja mfupi ambaye angepita chini ya meza hii bila kuinama. Nikachukua chaki, nikajaribu kuchora mstari: hawa wanaishia hapa, wale wanaanzia hapa. Kila nilipochora, palikuwa na fuvu limesimama mguu huku mguu kule. Nikafuta, nikapanga upya kwa pua, kwa upana wa uso, kwa urefu. Waliokuwa mbalimbali wakawa jirani, na ndugu wa kijiji kimoja wakatupwa ncha mbili za meza. Miili yetu hutofautiana kama majani ya mlima mmoja: huku chini mapana, kule juu membamba, na hakuna mahali pa kusimama ukasema mlima umebadilika. Wowote wawili wa meza ile wangekutana, wangeweza kuzaa, na mtoto wao angezaa. Ndiyo maana tunasema aina moja. Bibi Sidonia alithibitisha mara saba, bila chaki.

Kinachonitisha ni kwamba somo hili nilifundishwa na Profesa. Hajasahau. Anajua, na anaandika kinyume.

Septemba kuna mkutano wa wataalamu, na atawaonyesha fuvu. Nitasimama. Mpaka hapo nitakuandikia kila wiki, usidhani nimekuacha.

Lamara


Makumbusho, 10 Juni 1964

Mheshimiwa Bibi Makvala,

Nimeona ni heshima nikuandikie mwenyewe. Uzee hutuletea nyuso za wapendwa wetu hata katika mawingu, na simlaumu mtu kwa jambo hilo.

Pango lenu litawaletea barabara, kibao cha shaba na wageni kutoka nchi za mbali. Majirani zako wanafurahi. Ingesikitisha sana iwapo, kwa ajili ya kukanusha, magazeti yangelazimika kueleza mambo ya zamani ya familia: kwa mfano, mjukuu aliyemkana babu yake mbele ya mama mkwe. Nina hakika hakuna anayelitaka hilo.

Ndugu Lamara amepewa mapumziko. Ni binti mwenye kipaji, ila hana afya ya neva. Ukimtakia mema, usimwandikie.

Wako katika elimu,
Profesa V. Chkhotua


Kutaisi, 29 Agosti 1964

Lamara Kordzaia,

Nimekuja sokoni kuuza kokwa za jozi, na barua hii naitia posta kwa mkono wangu. Nimesubiri majira yote ya joto. Ulisema kila wiki, na hata moja sijaiona. Nilichopata ni barua ya mkubwa wako, na ndani yake neno nililokuambia wewe peke yako, lile la mama mkwe. Nililisoma nimesimama uani. Nikaingia ndani nikafunga mlango mchana kweupe.

Leo sokoni nimeona gazeti. Limeandika: "Aina Mpya ya Binadamu wa Kale," na chini yake majina mawili, la Profesa na lako.

Sasa nimeelewa kwa nini uliuliza kwa upole. Ulimwaga asali ili nitoe ulimi. Kasisi yule alimfukuza babu yangu uani, lakini angalau alifanya hivyo mbele ya watu. Wewe umemfukuza kwa barua tamu.

Usiniite shangazi.

Makvala Gobejishvili


22 Septemba 1964

Shangazi Makvala,

Nakuita hivyo hata ukikataa. Barua hii anakuletea dereva wa basi la Kutaisi, mkononi. Usiseme lolote kwa mama wa posta.

Nimekuandikia barua kumi na moja. Kumi na moja! Hukujibu hata moja. Julai Profesa aliniita, akaweka mezani karatasi yenye sahihi yako: "Mimi Makvala Gobejishvili nakana niliyoandika, nilishawishiwa na watu." Nikaangalia ile sahihi, nikajisemea, wamemtisha, au ndiye kweli mtu aliyetumwa na nimekuwa mjinga. Jina langu aliliweka gazetini bila kuniuliza, na aibu yangu, Shangazi, ni kwamba sikupinga. Niliona afadhali ninyamaze nipate shahada. Nilishaamua.

Kisha ikaja barua yako ya Kutaisi, siku nne kabla ya mkutano. Ulinitukana mpaka masikio yakawaka moto. Nikafurahi kama mtu aliyepewa maji! Aliyekana hawezi kukasirika vile. Basi wewe hukutia sahihi ile karatasi. Na kama barua yako iliyopita Kutaisi imefika salama, basi mwizi hayuko mjini. Yuko kwenu, ofisi ya posta ya Zedakari.

Nikaenda mkutanoni. Ukumbi ulijaa. Profesa alilishika fuvu kwa mikono miwili, akazungumza vizuri kama kawaida yake. Alipomaliza nikainua mkono.

"Profesa, namba kumi na nne iko wapi?"

"Namba kumi na nne haihusiki, Lamara. Ni taya la mtu wa juzijuzi tu, limeangukia pale kutoka kaburi la kijiji."

"Kwa hiyo unakubali kwamba kaburi la kijiji limeangukia ndani ya pango?"

Akaanza kukunja karatasi zake. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mgeni kutoka Yerevan, akasema taratibu, "Lileteni basi. Taya halili mtu."

Likaletwa. Profesa hakutaka kulishika, nikalishika mimi. Niliogopa nitalivunja mara ya pili. Nikaliinua chini ya fuvu, ncha ya kulia ikaingia mahali pake, na ya kushoto, ile iliyopinda, ikaingia mahali pake. Fuvu lenyewe lilikuwa limelika upande huo kwa kufuata kule kupinda. Mzee akachukua miwani yake, akatazama ukijani wa meno, akauliza, "Huyu mtu wenu wa kale alijifunza wapi kufua shaba?"

Profesa aliketi. Alionekana mzee ghafla, nami nikamhurumia, na kuhurumia kwangu kukanikasirisha. Alipopita karibu yangu alisema kwa sauti ya chini, "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilitamani sana awe wa kale."

Makala imefutwa. Wameamua mifupa irudishwe kwenu. Mimi sipo tena Makumbusho: wameniona sina utii, na kwa hilo hawakukosea. Napelekwa kufundisha watoto elimu ya viumbe huko Ozurgeti, na lazima niondoke wiki hii. Sitaweza kuja na babu yako. Sanduku nimelifunga mwenyewe. Kwenye karatasi ya orodha walikuwa wameandika "kiumbe, sampuli". Nimekata, nimeandika "mtu, mmoja".

Nisamehe kwa Julai.

Lamara


Zedakari, 18 Oktoba 1964

Lamara mwanangu,

Amefika. Gari la shamba lilimleta Alhamisi pamoja na mbolea, na dereva alivua kofia alipomshusha, ingawa hakuna aliyemwambia.

Sikwenda posta kugombana. Nilikwenda kwa Shakro, maana mama wa posta ni dada yake. Nikamkuta anapakua mahindi.

"Nipe barua zangu."

"Barua zipi, mama?"

"Shakro, mimi nina miaka hamsini na minane na nimebeba fimbo."

Akaingia ndani, akarudi na kifurushi kimefungwa kwa uzi, kumi na moja, zote zimefunguliwa. Ile karatasi ya kukana alitia sahihi yeye, ameniambia mwenyewe, na ile ya Mei niliyokueleza mambo yangu aliinakili kabla ya kuiachia iende, nakala akampelekea Profesa. Nikamuuliza kwa nini. Alisema mwanzoni ilikuwa barabara. Baadaye akasoma pale nilipoandika kwamba naye ni damu ya Lomkatsa, akaogopa. "Utotoni walinipigia kelele za zimwi njia nzima ya shule," akasema. "Gazeti liliposema si mtu, nikapata nafuu. Kama si mtu, basi si wangu." Nilitaka kumpiga. Lakini hayo aliyosema nilishayasema mimi kabla hajazaliwa, nikiwa nimevaa shela. Nikaishusha fimbo.

Barua zako nimezisoma zote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayekula plamu mbichi, mpaka tumbo likauma. Ile ya wiki ya tano, unaponiuliza kama nimekuchukia, nimeiweka peke yake.

Jumapili nilipita nyumba kwa nyumba. Sikualika. Nilisimama mlangoni na kusema, "Namzika babu yangu Lomkatsa kesho, ndani ya ua." Nilisema "babu yangu" mara thelathini na nne. Nyumba ya kwanza nilisema kwa kunong'ona. Ya mwisho nilikuwa napiga kelele. Wengine walifunga mlango. Wengi walikuja, na sikutarajia.

Kanisa letu lina kufuli, kasisi hatuna, kwa hiyo hakukuwa na wa kukataa. Vijana wakauliza wachimbe wapi. Nikawaonyesha, ubavuni mwa Sidonia. Wakatazama sanduku, unaujua ukubwa wake, ni fuvu na taya na mifupa miwili ya paja, wakachora shimo dogo kama la kupanda mche.

Nikawaambia, "Hilo la nini?"

"La sanduku, bibi."

"Nani kawaambia tunazika sanduku? Chimbeni kaburi la mtu."

Wakachimba. Udongo wa pale ni mgumu, walivua makoti. Walipofika kimo cha kifua, Shakro, ambaye ni mrefu kuliko wote hapa, akashuka ndani bila kuombwa. Akajilaza chali na suti yake ya mikutano, kichwa upande mmoja, visigino upande mwingine, akatazama juu tulipo.

"Linanitosha mimi," akasema kutoka chini. "Yeye alikuwa na kimo gani?"

Nikamwambia, "Kukuzidi."

Akainuka, akachukua koleo, akaongeza shubiri mbili kwa mkono wake.

Shangazi yako,
Makvala